Alianzia Pasipouma

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Daktari Mkuu wa kitengo cha afya ya akili, Muuguzi Mkuu na wauguzi wote, mliotoka zamu na mtakaokimbilia zamu kabla sijamaliza, wageni waalikwa, wagonjwa wa zamani na wa sasa, na ninyi ndugu wa wagonjwa, ambao cheo chetu ni kukaa kwenye benchi la korido tukiwa tumepakata mfuko wa nguo za mtu mwingine: habari za mchana.

Na wewe mstaafu wetu, ambaye kwenye kadi ya mwaliko jina lako lote limeandikwa kwa wino wa dhahabu hata baadhi yetu tukaulizana huyu ni nani tena. Sisi tunakujua kwa jina la Bi Taratibu. Niruhusu nikuite hivyo leo, maana jina hilo ulipewa na wagonjwa, na jina la kupewa na wagonjwa halistaafu.

Kamati ya maandalizi imeniomba nizungumze kwa niaba ya familia. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, nimezoea kusikilizwa na watu wasio na hiari, kwa hiyo mnivumilie. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Mimi ilininyea hadi mifupani, na nitawasimulia ilivyokuwa.

Mume wangu, fundi wa lifti, ameketi pale safu ya pili. Ameniruhusu kusema yote nitakayosema. Jana nilimsomea maneno haya jikoni, akanisahihisha mahali pawili, na mahali pa tatu akasema, "Hapo umenipamba mno, punguza." Nimepunguza.

Ndugu zangu, miaka minne iliyopita, Jumanne asubuhi, mume wangu na fundi mwenzake walishuka kwenye shimo la lifti katika jengo la ofisi lenye ghorofa tisa. Walikwenda kubadilisha kifaa kidogo, kazi ambayo kwa makadirio yao ingekwisha kabla ya chai ya saa nne. Mwenzake tulimwita Spana, kwa wembamba wake, na kwa sababu kila kilicholegea alitaka kukikaza, hata ndoa za watu. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Lifti ambayo haikupaswa kusogea ikasogea. Ikashuka, ikawabana wote wawili gizani, huyu upande huu na yule upande ule, wakisikiana lakini wasifikiane. Waokoaji walikata chuma na zege kwa saa kumi na saba. Walipowafikia, mume wangu alikuwa hai, bega lake la kulia limetoka mahali pake. Spana alikuwa ameshafariki. Sisi tuliambiwa, na mke wake akaambiwa, kwamba alikufa papo hapo.

Bega lilirudishwa siku ile ile. Mwenye bega ndiye hakurudi.

Wiki ya pili baada ya kutoka wodini, alitoa bawaba za mlango wa chumba chetu, kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umefungwa shingoni, akauegemeza mlango ukutani. Kesho yake akatoa wa jikoni. Ijumaa akatoa wa choo. Mama mkwe wangu, aliyekuja kunisaidia, akatundika shuka pale chooni, akaniambia, "Mwanangu, nyumba isiyo na milango ni soko. Kila nikiingia humu itanibidi niimbe, watu wajue kuna mtu." Na kweli aliimba. Binti zetu wawili walicheka, mimi nikacheka, naye mume wangu akatutazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto, anayeona midomo ya watu ikisogea na asisikie lolote.

Na hakulala. Naomba msidhani natia chumvi. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kile kigumu kuliko vyote tulivyo navyo, na kila kichwa kilipoinama kwa usingizi alijifinya paja mpaka likawa na madoa meusi. Nilipomuuliza kwa nini, hakujibu. Huyu ni mtu aliyekuwa akinisimulia filamu nzima tukiwa tunaitazama pamoja. Sasa maneno yake ya siku nzima ningeyahesabu kwa vidole, na vidole vikabaki.

Mheshimiwa Daktari Mkuu, wewe ulitupokea, ukatueleza kwamba kiwewe ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kwamba ndani ya mwili kuna king'ora, na king'ora cha mume wangu kimekwama, kinalia ingawa moto ulishazimwa. Ukampa dawa. Ukampa mshauri nasaha, dada mvumilivu ambaye namwona pale amekunja mikono. Kila Alhamisi walikaa saa nzima. Wiki ya kwanza hakusema neno. Wiki ya tano hakusema neno. Wiki ya kumi na moja alisema, "Kiti hiki kinalia," na mshauri akafurahi hata akaandika.

Je, mlikosea mahali? Hapana. Mlikuwa mnagonga mlango ulio sahihi kabisa, ila mwenye nyumba hakuwa na nguvu za kusimama aje kufungua.

Kwa Bi Taratibu tulikwenda kwa ajili ya bega tu. Barua ilisema "mazoezi ya viungo, wiki sita". Wenyeji mnakijua chumba chake, kilichokuwa stoo ya magongo mwisho wa korido, dirisha moja, mikeka minne. Mume wangu alifika kizingitini akagoma. Mimi, kwa ile aibu ya ualimu, nikaanza kumsukuma kwa maneno: "Ingia, baba watoto, watu wanasubiri foleni."

Bi Taratibu akaniambia, "Mwalimu, mwache. Chumba kinaweza kutoka nje."

Akachukua mkeka, akautandika koridoni, wapita njia wakawa wanaukwepa, akaketi sakafuni na kumnyooshea mkono wa karibu. Mume wangu akaketi. Nami nikasubiri aulizwe swali ambalo ameulizwa na kila mtu aliyevaa koti jeupe, kwamba unaumwa wapi.

Bi Taratibu akamuuliza, "Ni wapi leo hapaumi?"

Ndugu wageni waalikwa, mimi nimesahihisha madaftari miaka ishirini na mbili, na nilidhani maswali yote nimeshayasikia. Nilimwona mume wangu anatafuta. Alikuwa anazunguka ndani ya mwili wake mwenyewe, chumba kwa chumba, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa katika nyumba iliyoungua. Mwishowe akasema, "Kisigino. Cha kushoto."

"Basi tuanzie hapo. Naweza kukishika? Ukisema acha, naacha, wala sitakuuliza sababu."

Akakishika. Nusu saa nzima alikanda kisigino kizima cha mtu mwenye bega bovu. Nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa nawaza moyoni: tumepanda magari mawili kuja kukandwa kisigino kisichoumwa? Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani mume wangu alisema, bila kuulizwa, "Yule mama ana mikono ya moto." Maneno sita. Niliyahesabu.

Nisije nikawafanya mkadhani kwamba kila alichofanya kilifaulu. Wiki ya tatu, alipokuwa sasa anakubali kukaa ndani, mlango ukiwa wazi, Bi Taratibu alianza kumfundisha kupumua: kuvuta pumzi kidogo, kuitoa polepole, ndefu kuliko ile iliyoingia. Akamwambia afumbe macho. Mume wangu akafumba, na papo hapo akarudi kwenye shimo. Aliruka, akaangusha rafu ya magongo, akatoka mbio mpaka kwenye maegesho ya magari, nami nyuma yake na viatu vyake mkononi. Nilijua yamekwisha. Bi Taratibu alitufuata, na pale kwenye jua kali, mbele ya mlinzi na madereva, mama mwenye umri wa mama mkwe wangu akamwambia mume wangu, "Kosa ni langu. Sikukuuliza kama giza linakufaa. Nisamehe."

Nani kati yetu sisi wakubwa, Mheshimiwa Mkurugenzi, walimu, madaktari, wazazi, nani huomba msamaha hivyo, kwa maneno machache, bila "lakini"? Tangu siku ile, nimeambiwa na wauguzi, hakumwambia mtu yeyote tena afumbe macho. Husema, "Yaache macho yako yafanye yanavyotaka." Na mume wangu, aliyekimbia shimo, kazi, marafiki na milango, alirudi wiki iliyofuata. Alirudi kwa sababu ya ule msamaha.

Wakaendelea, macho wazi, yakiangalia mti ulio nje ya dirisha. Kupumua, na kutoa pumzi kwa mvumo wa chini, mmm, mdomo ukiwa umefungwa, mpaka kifua kitetemeke. Kukandwa viganja kwa mafuta, kidole kimoja baada ya kingine. Hakuna siri yoyote pale, wala uchawi. Binti yangu mdogo amejifunza na humfanyia bibi yake. Daktari Mkuu alinieleza kwamba pumzi ndefu inauambia mwili kuwa hatari imepita. Nimeuelewa ufafanuzi huo, naweza hata kuuchora ubaoni. Lakini kuuelewa hakujanipunguzia mshangao. Hivi kweli, kitu tulicho nacho puani tangu tuzaliwe, ambacho hatukukinunua wala kukiomba, kinaweza kumshika mtu mkono na kumrudisha kutoka mahali ambako mkewe na watoto wake walishindwa kumfikia?

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mchana kama huu. Nilikuwa nimekaa koridoni, mlango wazi, nikisahihisha mtihani wa sehemu. Ule mvumo ukaendelea, ukapungua, ukanyamaza. Nikachungulia. Mume wangu alikuwa amelala. Amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, mkono wake kwenye mikono ya Bi Taratibu, na Bi Taratibu hajitikisi, mguu wake umekunjwa chini yake, na mguu huo, nilijua, ulikuwa wenye ugonjwa wa goti. Dakika arobaini hakuusogeza.

Kisha mume wangu akaamka. Akaketi ghafla, akashika kichwa, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Nimelala tena. Nimelala tena."

Bi Taratibu hakumuuliza ana maana gani. Na hapa ndipo nataka wataalamu mnisikilize, maana hapa ndipo nilipoyaona maarifa yakiwa na unyenyekevu. Alimwambia, "Upo hapa. Ni mchana. Mikono yangu hii hapa." Kisha akanigeukia, akasema taratibu, "Mwalimu, nenda kamwite mshauri. Mwambie hapa sasa ni pake."

Angeweza kuendelea mwenyewe. Mtu mwingine angeona, huyu ni mgonjwa wangu, mimi ndiye niliyemfungua. Yeye alijua kazi yake ilipoishia. Mshauri alikuja mbio, akavua viatu, akaketi sakafuni. Na mume wangu, mikono yake ikiwa bado imeshikwa, akasema yale ambayo kiti cha Alhamisi kilikuwa kimeyasubiri.

Spana hakufa papo hapo. Aliishi saa tisa. Walizungumza gizani, na Spana akamwambia, "Usinyamaze, kaka. Ukinyamaza nitaogopa." Mume wangu akazungumza. Akamsimulia filamu zote, akamsimulia watoto wetu, akazungumza mpaka sauti ikakauka. Na mahali fulani katikati ya sentensi, kwa uchovu na maumivu, akalala. Alipoamka akaita, hakuitikiwa.

"Aliniomba kitu kimoja," mume wangu alisema. "Nikalala."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu nyekundu mkononi, na nikaelewa kile kiti kigumu, na yale madoa ya pajani.

Waheshimiwa, kutoka hapo kazi ilikuwa ya mshauri na ya Daktari Mkuu, nao waliifanya kwa ustadi, mwaka mzima. Mume wangu alipoanza kulala saa nne, saa tano mfululizo, alijiona amepona. Akamwambia Bi Taratibu anataka kuacha dawa, mikono yake tu inatosha. Mtu mwenye kupenda sifa angefurahi. Yeye alifunga kichupa cha mafuta. "Mimi nakanda mikono," akasema. "Dawa ni za daktari. Ukitaka kuziacha, zungumza naye. Ukiziacha kwa siri, kwangu usije." Kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye hakuwahi kudai kuwa mkono mzima. Yupo pia jirani yetu wa benchi, aliyejaribu mazoezi yale wiki mbili akasema yanamchosha tu. Bi Taratibu akamsindikiza hadi kwa daktari wake akimcheka kwa upole, na jirani yule alipona kwa njia yake.

Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba radhi kwa hili, lakini wewe mwenyewe uliniambia niseme ukweli. Kuna barua ilitoka ofisini kwako kutaka chumba kile kirudishwe kuwa stoo, kwa kuwa kinachofanyika mle "si tiba". Bi Taratibu hakuandika majibu. Alikualika uje ukae. Ukaja, ukakaa koridoni asubuhi nzima kwenye benchi letu, kati yangu na mama mmoja aliyekuuliza kama na wewe ni mgonjwa. Na ulipoondoka uliagiza mikeka sita zaidi. Viongozi wanaobadilisha mawazo hadharani ni wachache, nasi tunakushukuru.

Sasa nimalizie kwa jambo moja.

Mume wangu alisema hatapona mpaka amwambie mke wa Spana. Mshauri alimwandaa miezi mitatu. Tukaenda Jumamosi. Shemeji yetu ni mshonaji. Tulimkuta kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, kitambaa kimeshonwa nusu. Mume wangu akaketi, akaweka viganja juu ya magoti, nikausikia ule mvumo, chini sana, mara tatu. Akamwambia yote. Saa tisa. Usinyamaze. Nikalala.

Yule mama hakulia. Aliuliza, "Alisema nini juu yangu?"

"Alisema asubuhi ile mligombana kwa sababu ya rangi ya jikoni. Alisema akitoka atapaka unayoitaka wewe, ili apate amani."

Shemeji akaondoa mguu kwenye pedali. Akafunika uso kwa kile kitambaa, na mabega yakawa yanatikisika, na sikujua ni kilio au ni kicheko, mpaka alipofunua uso nikaona ni vyote viwili. "Mwaka na nusu," akasema, "najiuliza kama alikufa amenikasirikia."

Kisha akamtazama mume wangu, mtu aliyekuja kuhukumiwa, akamwambia, "Watu wawili walichoka, wakalala. Mmoja akaamka. Kosa liko wapi, shemeji?"

Katika maisha yangu nimefundisha hesabu nyingi, na sijapata kuona jibu lililotoka safi namna ile.

Mume wangu hakurudi kwenye mashimo ya lifti, wala hatarudi. Anafundisha vijana usalama wa kazi, karakana ya ghorofa ya chini. Zipo siku mbaya bado. Milango ya nyumba yetu imerudi yote isipokuwa wa chumbani, na tumekubaliana uendelee kukaa pale ukutani. Shemeji naye, miezi miwili baada ya Jumamosi ile, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha mwisho wa korido, akaulizwa swali lake, akalia kabla hajalijibu.

Bi Taratibu, miaka thelathini na moja umekaa sakafuni kwa ajili ya watu wasioweza kusimama, na goti lako limelipa. Wauguzi wawili uliowafundisha wataanza Jumatatu. Mheshimiwa Mkurugenzi ameahidi, na mashahidi mpo. Kwa niaba ya familia zote tumekuletea zawadi. Ni kiti cha kuegemea. Mbao alizipiga randa mume wangu, mto na foronya zake ameshona mke wa Spana. Walikitengeneza pamoja, uani kwetu, wiki tano, wakibishana kila siku. Naomba wasimame wote wawili wakilete mbele.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Bi Taratibu, tafadhali, kaa. Leo zamu ya kusimama ni yetu.